Vyombo vya marehemu bibi: nataka kuvitumia, si kuviweka kabatini. Naomba ushauri

BintiKikwajuni

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nyumba ya bibi yetu kule Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, inataka kufanyiwa matengenezo, kwa hiyo vilivyomo vimegaiwa. Wenzangu wamekimbilia feni na friji. Mie nimeachiwa vile ambavyo hakuna aliyevitaka: mdila (birika la shaba la kahawa), sufuria ya shaba nyekundu yenye mikono miwili, cherehani ya Singer ya kuzungusha kwa mkono, pasi ya makaa yenye kijogoo mbele, na kasha lenye misumari ya shaba.

Hali zake ni hizi. Mdila nje umekuwa mweusi na ndani una madoa ya kijani. Sufuria ilikuwa na weupe ndani, sasa umebanduka na wekundu unachungulia katikati. Gurudumu la cherehani halizunguki hata kidogo. Pasi imekula kutu chini. Kasha ni zima, ila mguu mmoja unamwaga unga mwembamba kila nikifagia.

Wifi yangu anasema nipeleke vyote kwa wenye maduka ya vitu vya kale, watalii wanalipa. Mume wangu anataka vipangwe sebuleni viwe pambo. Mie sitaki pambo. Nataka kunywa kahawa iliyotoka kwenye mdila ule, nikunge kanga zangu kwa cherehani ile. Je, inawezekana? Na nianze na kipi?

---

MzeeWaBaraza

Waalaykum salaam mwanangu. Anza na mdila, maana ndio wenye furaha ya karibu. Lakini usiuteleke leo.

Huo ukijani wa ndani ni kutu ya shaba, na kutu ya shaba ni sumu. Vyombo vya shaba vya kupikia huwa vinatiwa kalai ndani, yaani tabaka jembamba la madini meupe, ili chakula kisigusane na shaba yenyewe. Kalai ikishaliwa, chombo hakifai kwa kitu chochote chenye ukali: ndimu, ukwaju, nyanya, embe bichi. Kahawa nayo ina ukali wake. Na ule weupe uliobanduka kwenye sufuria yako ndiyo hiyo hiyo kalai, basi vyombo vyote viwili vinataka fundi mmoja.

Kazi yenyewe ni tamu kuitazama. Chombo kinasuguliwa mpaka shaba itoke wazi, kinawekwa juu ya makaa, fundi anarusha ile chumvi nyeupe inayofuka moshi, anagusisha kalai, inayeyuka, kisha anaifuata mbio mbio kwa bonge la pamba kabla haijaganda. Ukipepesa macho, ndani kumeshakuwa kweupe. Muombe akufanyie mbele yako. Na hapa uwe mkali: mwambie unataka kalai safi, si ile ya kuungia nyaya na mabati. Hiyo ya kuungia mara nyingi imechanganywa na risasi, na risasi haitakiwi ndani ya chombo cha chakula.

Fundi utampataje? Usiulize madukani. Kaa na wauza kahawa, pale Jaws Corner au baraza yoyote yenye mdila unaofanya kazi, uwaulize wao wanatia wapi. Mtu anayeuza kahawa kila jioni hawezi kukaa na mdila uliokwisha kalai.

Nje usugue mwenyewe. Nusu ya ndimu, chumvi, kitambaa. Ukimaliza osha papo hapo na ukaushe, usiache ndimu ikakaukia juu ya chombo.

---

MamaWatatu

Shoga, mie nitakuwa mchawi wa uzi huu. Vyombo vya shaba ni kazi! Hewa yetu hii ya bahari, ukisugua Ijumaa, Jumatatu kimeshapoteza uso. Sufuria nzito, huwezi kuiacha na maji usiku, huwezi kuikwangua kwa kijiko cha chuma, huwezi kuipiga steel wool. Una watoto? Una msichana wa kazi? Atakusugulia kalai yote kwa mchanga siku ya kwanza.

Cherehani sawa. Mengine muachie mumeo apange sebuleni.

---

MzeeWaBaraza

@MamaWatatu hujakosea, ila nani kamwambia aisugue kila wiki? Nje ikififia iache ififie, haimdhuru mtu. Kinachotazamwa ni ndani. Mwiko wa mbao, sifongo laini, basi. Na kubwa kuliko yote: usiweke chombo kitupu motoni. Kalai inayeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu, na jiko la makaa linafika huko likikucheka. Tia maji kwanza, ndipo uteleke.

---

FundiSindano

Nimengoja mtu aseme habari ya cherehani, naona wote mmezama kwenye kahawa.

Dada, cherehani isiyozunguka si cherehani iliyokufa. Nyingi zinazoletwa kwangu zimekabwa na vitu viwili: uzi ulionasa chini, au mafuta yaliyoganda. Watu walikuwa wakiishiwa mafuta ya cherehani wanatia ya kula au ya nazi, yakikaa miaka yanakuwa gundi.

Fanya hivi, na usiwe na haraka. Toa sindano kwanza. Telezesha kile kibati cha chini ya mguu, uchungulie. Kama ni ile ya bobini (kijiti cha uzi wa chini) nyembamba ndefu inayoingia ndani ya chombo chenye umbo la ngalawa, toa ngalawa hiyo uone nyuma yake, uzi unapenda kujificha hapo. Chukua kibano na brashi kavu, ondoa vumbi na manyoya yote. Halafu tia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu na kila sehemu chuma kinapokutana na chuma. Iache ilale. Kesho yake ushike gurudumu na kulisukuma mbele na nyuma kidogo kidogo, bila ya kulilazimisha. Litaanza kukubali robo, nusu, mara linakwenda. Hapo pangusa mafuta ya taa yote na utie mafuta yenyewe ya cherehani. Mafuta ya taa yanafungua tu, hayalainishi.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Zile nakshi za dhahabu mwilini mwa cherehani USIZIGUSE kwa spiriti, wala usiziache na mafuta ya taa. Rangi ile nyeusi imefunikwa na vanishi ya zamani ambayo spiriti inaiyeyusha. Nimeshaona cherehani nzuri iliyong'arishwa na kijana mmoja mwenye bidii, ikabaki nyeusi tupu. Kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Tazama pia kibao kidogo chenye namba, upande wa kulia chini. Namba ikianza na herufi Y, F au J, basi imetoka Clydebank, Uskoti. Kiwanda kile kilifungwa 1980, cherehani zake bado zinatuzika.

---

NgamboOriginal

Fundi umenikumbusha lile giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ule waya wa chini ya bahari ulipoharibika Unguja nzima tukakaa miezi mitatu bila ya umeme. Mtaani kwetu mafundi wenye mashine za umeme walikuwa wanacheza bao mchana kutwa. Bibi mmoja jirani, na Singer yake ya mkono kibarazani, ndiye aliyeshona sare za skuli za watoto wa mtaa mzima. Foleni! Pasi za makaa nazo zikateremshwa kutoka juu ya makabati, waliokuwa wakizicheka wakaenda kuziazima.

---

KarafuuWete

Pasi hiyo nataka niisemee mimi, maana kwetu Pemba imechelewa kustaafu.

Kutu ya chini itoe kwa msasa laini, ukipeleka upande mmoja, usizungushe. Futa. Washa makaa ya vifuu, yanashika moto mzuri na hayarushi cheche sana kama makaa ya mkaratusi. Ikishapata moto ipitishe juu ya jani bichi la mgomba, mara kadhaa, utaona chini inateleza kama imepakwa nta, na nguo haishikwi. Jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Na kanzu nyeupe usiitangulize, utalia.

Angalizo: moshi wa makaa usiufungie chumbani. Piga pasi uwani au kibarazani penye upepo. Ndani yake mna hewa ya sumu inayoua bila ya harufu.

Raha yake? Nguo inatoka na harufu yake, hasa ukitupia chembe ya udi juu ya makaa kabla ya kufunga kifuniko. Pasi ya umeme haikupi hiyo hata uilipie.

---

MuuzaVyaKale

Salaam. Mimi nina duka, kwa hiyo maneno yangu yapimeni wenyewe.

Kasha usiuze. Nasema hivyo na mimi ndiye ninayenunua. Makasha mengi ya zamani yaliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na sasa yanayotengenezwa mapya ni mengi kuliko ya zamani yanayotoka majumbani. Likishatoka ndani ya familia halirudi. Fungua droo zote, ingiza mkono nyuma yake, mengine yana droo ya siri.

Unga unaomwagika ni wadudu wa mbao. Weka karatasi nyeupe chini ya mguu huo. Ukikuta unga mpya baada ya siku kadhaa, wadudu wako hai, na itabidi upate dawa ya mbao uipenyeze kwenye matundu kwa sindano ya hospitali. Kama karatasi imebaki safi, unga ule ni wa zamani, ziba matundu kwa nta. Vyovyote iwavyo, liinue kutoka sakafuni na uliweke mbali na ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu kutoka ardhini, na kasha linaunywa. Usilianike juani kulikausha, litapasuka.

Mbao ipake nta ya nyuki kidogo. Misumari usiisugue kwa ndimu, maji yake yanateremka kwenye mbao na kuacha duara jeusi kuzunguka kila msumari. Nimekataa kununua makasha kwa sababu hiyo tu.

Mdila nao ujaribu kwa sumaku. Ikinata, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na yote aliyokwambia Mzee hayakuhusu.

---

BintiKikwajuni

Jamani, Allah awalipe. Majibu kwa ufupi:

Sumaku haijanata. Kwenye mdila wala kwenye sufuria.

Gurudumu limezunguka!! Fundi ulisema kweli, nyuma ya ile ngalawa palikuwa na bonge la uzi mwekundu, na kipande cha utepe wa nguo ya mtoto. Mama yangu alipouona utepe ule alinyamaza kidogo, akasema ni wa gauni lake la Idd. Nimeipangusa kama ulivyoagiza, na namba inaanza na Y. Mlio wake sikuutarajia, tik-tik laini, hata mtoto aliyelala haamki.

Karatasi chini ya kasha nimeweka. Pasi nangoja jani la mgomba, nimemuagiza mtu wa shamba.

Kalai nimempata mtu kwa njia ya muuza kahawa, sawa sawa na alivyosema Mzee. Anataka vyombo vyote viwili pamoja ili awashe moto mara moja. Wifi bado anasema nanunua kazi kwa pesa zangu. Sasa naulizia mawili. Kahawa ya kwanza baada ya kalai mpya, kuna la kufanya? Na cherehani inaruka mishono, inashona mitatu inaacha mmoja.

---

MzeeWaBaraza

Chemsha maji matupu kwanza, uyamwage, urudie. Kisha kahawa yako, tangawizi na iliki, kama kawaida. Ya mwanzo mpe wifi.

---

MamaWatatu

Hahaha! Mzee huyo!

Haya shoga, ukianza kupika mchuzi wa nazi kwenye hiyo sufuria nialike, nije nione kama nimeshindwa.

---

FundiSindano

Kuruka mishono, asilimia kubwa ni sindano. Hiyo iliyokuwemo huenda imekaa humo tangu bibi yuko hai, ncha imekwisha au imepinda kidogo usione. Usiirudishe. Nenda sokoni Darajani useme unataka sindano za 15x1, za kawaida za cherehani ya nyumbani, namba 14 kwa kanga. Wakikupa za duara nzima, zile za mashine za kiwandani, rudisha, yako ina upande mmoja bapa. Isukume juu mpaka mwisho kabla ya kukaza skrubu. Ikiendelea kuruka, piga picha ya sindano ilivyokaa na njia ya uzi, uiweke hapa.