Legacy B4: niende na injini au niende na miguu?

Mkwe wa Lushoto (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa haraka kabla shemeji yenu hajaigeuza hii hela kuwa bati na saruji.

Nimepata Subaru Legacy B4 mbili, zote za 2006, zote namba D. Ya kwanza ni 2.0 GT, turbo, otomatiki, miguu (yaani springi na mashokapu) ya kawaida. Ya pili ni 3.0R spec.B, silinda 6, haina turbo, ya klachi gia 6, imetoka kiwandani na mashokapu ya Bilstein. Bei zimepishana laki tano tu. Naishi Dodoma, kila baada ya wiki mbili nashuka Dar, na mara mojamoja napanda Lushoto ukweni. Moyo uko kwenye turbo, ila kila ninaposoma naambiwa gari ya spoti ni miguu kwanza. Niende na ipi? Naomba hoja, si matusi.

Ze_Boksa
Turbo. Kesi imekwisha. GT ina farasi 280, na nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita karibu 340 unaipata kabla injini haijafika mizunguko 2500 kwa dakika. Hiyo 3.0 inakupa 304, tena mpaka injini ifike 4200. Ukiwa nyuma ya semi pale Gairo, mwenye turbo anakanyaga anapita. Mwenye 3.0 anashusha gia, anasali, ndiyo anapita. Miguu utanunua baadaye, injini huinunui baadaye. Halafu mtu wa Dodoma Bilstein za nini, unakata kona ipi? Huko si mnakwepa mbuzi tu?

Spea Tatu
Mleta mada, hilo chaguo lina kasoro tangu mwanzo. GT nayo ilitoka yenye spec.B, turbo na Bilstein vyote ndani ya gari moja. Zipo, ni chache, vuta subira. La pili, hizo Bilstein ni za 2006. Kama hazijawahi kufunguliwa zikabadilishwa sili na kujazwa gesi upya, unanunua maandishi ya ubavuni. Ulizia zimefanyiwa nini kabla hujaulizia farasi.

Mwana Dom
Ze_Boksa, mbuzi? Umesema mbuzi? Wewe unayekaa mji ambao mvua ya nusu saa ikinyesha Jangwani inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanalala? Huku tunajengewa barabara ya mzunguko ya kilomita 112, wewe unapiga picha foleni ya Tabata unaiita maisha ya mjini. Omba radhi.

Ze_Boksa
Mwana Dom, punguza povu. Nimesema mbuzi, sijasema nani ni mbuzi.

Mwana Dom
Ndiyo maana naona umechagua turbo. Inapiga kelele nyingi mpaka ijaze upepo.

Gia Sita
Mimi 3.0R, kwa sababu moja tu: ni ya klachi. Gari ya spoti otomatiki ni kama muwa uliomenywa, ukakatwa vipande, ukatiwa kwenye mfuko. Utamu upo, ila umekula muwa wewe?

Na Ze_Boksa asidanganye watu. Farasi 280 ni za GT ya klachi. Ya otomatiki ni 260.

Mama Wawili
Gia Sita, huo muwa wa kwenye mfuko ndio unaoliwa kwenye foleni ya Mwenge bila kuchafua usukani. Mimi naendesha Subaru STI A-Line. Otomatiki, gia 5, injini ya 2.5 yenye turbo, farasi 300 tangu Japani. Nimewahi kuwaacha nyuma vijana wengi wa klachi kwenye mataa, na wote walikuwa na sababu. Mara klachi imechoka, mara gia ya pili imegoma, mara alikuwa anaongea na simu.

Gia Sita
Dada, kwenye mataa hata bajaji inamwacha mtu. Twende Lushoto, kutoka Mombo kupanda. Kule kona moja haijaisha nyingine imeingia. Hapo ndipo utajua nani anaendesha na nani anaendeshwa.

Mama Wawili
Twende. Mafuta yako, chakula changu. Na usije na kisingizio cha simu.

Mkwe wa Lushoto
Jamani, mada ni injini au miguu. Gia tulishapita.

Hesabu Kali
Wadau mnasahau kodi. Kati ya cc 1000 na 2000 ushuru wa bidhaa ni 5%, ukizidi 2000 ni 10%. Hiyo GT ni cc 1994, Wajapani hawakuwa wajinga. Halafu kuna ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kwanza.

Spea Tatu
Hesabu Kali, gari zote mbili zina namba D, zimeshasajiliwa hapa. Kodi alishalipa mtu mwingine.

Mzee wa Spana
Vijana, nimewasoma. Nimefungua Subaru tangu zile za turbo mbili, ambazo turbo ya kwanza ikimkabidhi mwenzake kuna mahali gari inakata pumzi kama mtu aliyesahau neno. Hii B4 ya 2006 ina turbo moja, msichanganye.

Injini ya 2.0 turbo haina ubaya ukiipa oili kwa wakati na mkanda wa taimingi kwenye kilomita 100,000. Ile ya silinda 6 haina mkanda, ina cheni, na haina turbo ya kukupigia simu usiku. Kwa mtu wa safari ndefu, hiyo peke yake ni hoja.

Lakini miguu ndiyo inayodanganya watu. Wiki jana imeletwa B4, mwenyewe anasema "mzee, inarukaruka". Nimeiinua. Springi zote nne zimekatwa kwa grainda, ncha ya koili bado ina alama ya moto. Springi imekuwa fupi, shokapu linafanya kazi likiwa limekaa chini muda wote, kila tuta linapiga mwisho. Bushi zimechanika, tairi za nyuma zimeisha upande wa ndani mpaka waya unaonekana, ukiangalia kwa nje unaona tairi nzima. Mtu anakata springi za shokapu la gharama ile! Hapo ni akili ndiyo iliyokatwa.

Chini Kabisa
Mzee wa Spana, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la akili limenigusa. Altezza yangu nimekata koili moja na nusu, mwaka wa tatu huu, haijawahi kunisumbua. Sio kila mtu ana hela ya springi fupi za dukani. Na gari ikikaa chini inashika kona vizuri, hiyo ni fizikia.

Ze_Boksa
Mwaka wa tatu unavuka matuta kwa ubavu kama kaa.

Chini Kabisa
Bora kaa kuliko wewe mwenye GT ya kwenye simu.

Mzee wa Spana
Marahaba mwanangu. Kukaa chini kunasaidia kona, sikatai, uzito unakuwa karibu na lami. Lakini tairi inatakiwa ipande na kushuka ili iendelee kuishika hiyo lami. Ukiinyima nafasi ya kupanda, kona yenye bonde katikati inakurusha nje. Hiyo nayo ni fizikia. Siku ukipita rasta (vile vituta vidogovidogo) za Mikumi mkono mmoja, sikiliza usukani unavyokwambia.

Wa Thika Road
Ndugu wa TZ, habari zenu. Huku Kenya gari ikipita miaka minane haiingii nchini, kwa hivyo hizo Legacy tunazo zile za zamani tu na tunazitunza kama mboni. Mniruhusu niseme kitu. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru 1997, na haikuwa injini peke yake. Ile gari ilikuwa imeinuliwa, miguu mirefu, magurudumu yanapanda na kushuka kama ya pikipiki. Ndio mjue miguu ni nini.

Ze_Boksa
Karibu jirani. Tulikuwa tunakusikia ekzosi tangu Namanga.

Wa Thika Road
Hiyo ndiyo shida yenu. Mtu akiona Subaru na Mkenya anaanza story za vijana wa kelele na kofia. Mimi ni mwalimu, niko na Forester, iko na ekzosi ya kampuni, na mtoto analala nyuma.

Gia Sita
McRae 1997 ni kweli, ila Burns naye alichukua kwa Subaru 2000. Wa 1998 alikuwa Burns huyohuyo ila kwa Mitsubishi.

Wa Thika Road
Sikusema alishinda peke yake, bwana. Nilisema 1997.

Spea Tatu
Narudia kwa aliyechelewa: GT spec.B, turbo na Bilstein. Mtu asome basi hata mara moja.

Mama Wawili
Mkwe wa Lushoto, shemeji yetu anapanda hiyo gari? Kuna watoto? Nauliza kwa sababu A-Line nilivyoitoa bandarini miguu ilikuwa migumu mpaka mwanangu mdogo akawa anatapika tukifika Kimara. Tairi zenu hizo ni 215/45, ukuta wa tairi haufiki sentimita 10. Hakuna anayewaambia hilo wakati wa kununua. Niliweka mashokapu laini kidogo, na gari haikufa.

Gia Sita
Ndiyo nilichosema, mfuko wa muwa.

Mama Wawili
Tarehe ya Lushoto umeipanga au bado?

Mkwe wa Lushoto
Wakuu, mrejesho. Leo nimeenda kuiona 3.0R, iko hapahapa Dodoma, Area D. Mwenye gari ni mstaarabu, kaniachia nikazunguka nayo. Sitadanganya, nimechanganyikiwa. Ikiwa mizunguko 2000 imelala kama Crown ya mzee wangu. Ikipita 4000 inabadilika sauti, sio kelele, ni kama mtu anakohoa kifuani kwa heshima. Haina ule mtutumko wa turbo nilioupenda kwenye GT. Ila kwenye mzunguko wa barabara nimeingia kwa mwendo ambao Mark X yangu ingekuwa imeshanilalia, yenyewe imekaa. Nimewaza mimi na wewe Ze_Boksa na semi lako la Gairo.

Tatizo: nikipita kwenye rasta, mbele kulia kuna "kwata, kwata". Jamaa anasema ni stablaiza linki, elfu hamsini tu. Je, ni kweli?

Ze_Boksa
Nunua GT, mkuu. Kwata ya kwanza ni ya bure, ya pili unalipia.

Chini Kabisa
Ni linki. Yangu ililia hivyohivyo.

Wa Thika Road
Yako ililia kwa sababu umekata springi, bwana.

Mzee wa Spana
Inaweza kuwa linki, inaweza kuwa boljointi, inaweza kuwa shokapu lenyewe limeisha ndani. Kwa maneno siwezi kusema. Fanya hivi. Egesha mahali tambarare, kandamiza kona ya mbele kulia kwa nguvu zako zote, achia. Ikipanda mara moja ikatulia, sawa. Ikiendelea kucheza, shokapu limekwenda. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho upande mmoja, washa taa ya simu, angalia nyuma ya tairi kama pana ute wa mafuta kwenye shokapu. Halafu kila tairi ubavuni ina tarakimu nne kwenye kiduara, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nisomee zote nne.

Hesabu Kali
Mzee, tarakimu za tairi zinahusiana nini na kwata?

Mzee wa Spana
Subiri.

Mkwe wa Lushoto
Nimerudi kwake na tochi. Nimekandamiza, imepanda ikatulia. Ute sijauona. Tairi: mbele kushoto 2219, nyuma zote mbili 2219, mbele kulia 0824. Jamaa ameanza kuuliza mbona naangalia sana.

Spea Tatu
Ha!

Mzee wa Spana
Tairi tatu ni za wiki ya 22 ya 2019, moja ni ya 2024. Hakuna mtu anayebadilisha tairi moja ya mbele bila sababu, tena kwenye gari inayovuta magurudumu yote manne, ambayo tairi ikizidiana na wenzake inaitafuna difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Gurudumu lile liligonga kitu, na kwata inatoka upandehuohuo. Usimkasirikie, muulize kwa upole: liligonga nini, na nani alinyoosha. Akisema shimo, omba mwinue gari uangalie mkono wa chini unaoshika gurudumu kama una mkunjo, na rimu upande wa ndani. Akisema hajui, rudi nyumbani.

Mkwe wa Lushoto
Anasema aliyemuuzia ndiye anayejua.

Gia Sita
Namba ya huyo aliyemuuzia anayo?

Mkwe wa Lushoto
Anaitafuta. Tumekaa kwenye baraza yake, mke wake ametuletea chai. Sasa naona aibu kusema nainua gari.

Mama Wawili
Kunywa chai. Kisha inua gari.

Mwana Dom
Na Ze_Boksa bado hajaomba radhi.