Gumzo la kikundi: UKOO WA BARABARA YA 12 🌴

*Ijumaa*

Zai 20:02
Assalamu alaikum ukoo. Wageni wa posa kutoka Mombasa wamethibitisha. Ni Jumapili ya wiki ijayo, siyo keshokutwa. Watu 18, wanawake 11 wanaume 7. Wanavuka mpaka wa Horohoro asubuhi, saa 5 wako Tanga inshallah. Tukijumlisha sisi na majirani nimepata 45.

Zai 20:03
Kila mtu aandike hapa analeta nini. Nasubiri.

Zai 20:41
Naona mmesoma watu 11. Hamna vidole?

Halima Mbagala 20:44
Waalaikum salaam shangazi. Niko kwenye daladala nimesimama, nikifika nyumbani nitajibu vizuri

Sele 20:52
[Picha]
Wakuu, mchicha nimeusia leo nyuma ya jiko la Bi Mkubwa. Siku ya wageni tunachuma wenyewe, hatununui

Mama Fatu 20:55
Sele, mchicha gani wa siku 9?

Sele 20:55
Nitausomea dua mama

Mama Fatu 20:57
Hata ukiusomea. Wiki 3 ndiyo unaanza kuchuma. Na hiyo samadi naiona hapo kwenye picha bado mbichi, utababua mizizi yote. Ya mbuzi huachwa ioze mpaka harufu iishe ndiyo unachanganya na udongo

Sele 20:58
Basi wageni wapewe samadi 😂😂

Bakari 21:03
*Imesambazwa mara nyingi*
Kunywa maji ya uvuguvugu na ndimu kila alfajiri kabla ya kula chochote utashangaa. Watumie ndugu 10 unaowapenda

Zai 21:04
Bakari wewe ndiye baba wa mtoto. Mtoto wako anakuja kuposwa, wewe unatuletea maji ya ndimu.

Bakari 21:10
Nipo dada. Mimi nashauri biriani. Hawa ni watu wa Mombasa, pilau watatuona wa kawaida

Mama Fatu 21:12
Biriani wanayo kwao. Mtu avuke mpaka na pasipoti yake aje akute alichokiacha jikoni kwake?

Zai 21:13
Pilau. Limekwisha hilo.

Halima Mbagala 21:15
Au tukodi mpishi tu jamani? Huku Dar watu wanaletewa chakula kwenye mahotipoti, unapakua, unarudisha vyombo, hakuna kuosha wala macho kuwasha

Zai 21:16
Halima shuka kwanza kwenye daladala.

Zai 21:31
Sikilizeni, nimekaa na daftari. Mchele kilo 8. Nyama kilo 7 yenye mifupa, msininunulie nyama tupu, supu itatoka wapi. Viazi kilo 3. Vitunguu maji kilo 3 vya pilau, kilo 2 vya kachumbari. Saumu nusu kilo, tangawizi nusu. Mafuta lita 2. Binzari nyembamba kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa kila kilo ya mchele, iliyobaki iwekwe. Iliki, mdalasini na pilipili manga nitaagiza kwa yule mama anayeshuka na gari la kutoka Amani milimani, za dukani zimekaa sana hazinuki.

Sele 21:32
Karafuu?

Zai 21:32
Chache. Pilau siyo dawa ya jino.

Mama Fatu 21:36
Na vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia ya kweli. Rangi ya pilau iko hapo. Nimeona harusi moja Chumbageni watu wametia nyanya, ukiangalia sinia unadhani ni wali wa mchuzi

Bakari 21:38
Na atakayepalia makaa juu ya mfuniko asiondoke kwenda kupiga soga ukumbini

Sele 21:38
👀

Bakari 21:39
Sijataja mtu

Mama Fatu 21:40
Hujataja lakini nimejiona. Miaka yote hiyo bado tu? Waulize walioniita siku ile walikuwa wananiitia nini

Bakari 21:41
Ilikuwa hitima ya baba, watu wakala ukoko

Mama Fatu 21:43
Na wakamaliza! Kaka, tukianza kuhesabiana, mimi ninayo moja. Wageni wanawake 11 wanaingia nyumba ya posa, tunawapokea na udi na marashi, halafu vikuba vya maua tunavifunga kwa kitu gani? Mrehani upo. Asumini iko wapi?

Mama Fatu 21:44
Nimeuliza tu

*(Kimya, dakika 50)*

Bakari 22:34
Asumini zinauzwa sokoni

Mama Fatu 22:35
Sawa

*Jumamosi*

Zai 06:12
Sabahalkheri. Jana mmeniharibia mada. Turudi. Mchele, mimi. Nyama, Bakari. Nani viungo vya kachumbari? Nani mkaa? Nani kuja Jumamosi mchana kumenya saumu? Rukia usijibu, wewe ndiye mwali, usiku ule hutakiwi kunuka saumu.

Rukia 06:50
🙈 Asante shangazi

Omari Maskati 07:21
Waalaikum salaam. Posa ya nani?

Sele 07:22
Ba mdogo 😂😂😂

Omari Maskati 07:23
Nilikuwa zamu ya usiku jamani, meseji 60 nitazisoma lini. Hongera Rukia. Nitatuma rial 40, mjue wenyewe

Zai 07:24
Hiyo ndiyo mkaa na mafuta. Asante Omari. Unaona mtu yuko ng'ambo anajibu, walio Ngamiani hapa kimya.

Zai 07:25
Kitu kingine, sufuria. Tunahitaji kubwa 2. Moja nitakodi.

Sele 08:05
Naomba utulivu. Bi Mkubwa nimemsomea mazungumzo yote tangu jana. Ameniambia niandike kama anavyosema nisitie neno langu. Naandika

Sele 08:19
"Mimi Mama yenu. Hao mnaowahesabu vichwa, nilikaa kwao siku 40 nikimuuguza dada yangu pale Mombasa. Walinipa kitanda cha bibi yao, wenyewe wakalala mkekani. Sikupewa hotipoti. Chakula chao kitapikwa uani kwangu, na kitapikwa na Mama Fatu. Aliyekosea mara moja hakosei mara ya pili, ataogopa.

Bakari. Asumini ile baba yenu alinipandia mwaka niliomzaa Zai. Ulipoikata uegeshe bajaji sikusema. Bajaji umeshaiuza. Shina liko palepale, usimwage zege juu yake.

Zai. Usikodi sufuria. Sufuria langu unalo. Lilitoka hapa siku ya hitima na sijaliuliza, nikasema ni mwanangu. Leo naliuliza."

Sele 08:20
Mwisho wa maneno yake

*(Kimya, saa 2)*

Bakari 10:26
Nimemsikia mama

Mama Fatu 10:31
Mimi nimeogopa tayari 😭 lakini nitapika

Sele 10:40
[Picha]
Mjomba angalia. Nimekwenda kulitazama shina. Nimeondoa lile tairi bovu na mabati, chini yake limechipua vitawi 2, kimoja kina majani 6. Maua bado kabisa. Nimezungushia matofali kuku wasiparure

Bakari 10:52
Mwagilia jioni, siyo mchana

Bakari 10:53
Ninakuja na waya wa wigo

Mama Fatu 10:55
Maua ya siku yenyewe yatatoka wapi sasa?

Bakari 10:58
Kwa jirani yetu wa nyumba ya kona, asumini yake inamwaga mpaka barabarani. Mimi siwezi kumwomba, mnajua

Mama Fatu 10:59
Tunajua

Rukia 11:03
Naweza kwenda mimi kumwomba

Mama Fatu 11:03
Mwali haendi kuomba maua ya posa yake!

Omari Maskati 11:15
Jirani wa kona bado ana ugomvi wa ule mfereji?

Sele 11:15
Ba mdogo usiamshe

Halima Mbagala 13:40
Samahani jamani, jana nilifika simu ikazima. Mimi nitaleta tende na kahawa, na birika lile la shaba la mama mkwe. Nafika Jumamosi na basi la asubuhi. Saumu nitamenya. Mpishi nimefuta kauli

Mama Fatu 13:42
Karibu mwanangu. Bado kachumbari haina mwenyewe, na maua. Dada Zai umekwenda wapi leo?

Zai 14:17
Nipo. Sufuria la Mama nitalileta Ijumaa.

Zai 14:18
*Ujumbe huu umefutwa*

Sele 14:18
Mama mkubwa nimeshausoma 😳

Sele 14:18
Tundu kubwa kiasi gani?

Zai 14:19
Mama yuko karibu na simu?

Sele 14:20
Amelala

Zai 14:20
Sele mwanangu, njoo inboksi.