Kongosho "limechoka" maana yake nini hasa? Mama ameambiwa aanze sindano

Kijana wa Ahero
Habari za jioni wakubwa. Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili tangu 2011. Miaka yote ametumia tembe, metformini na glibenklamidi. Juzi kliniki wamemwambia tembe hazitoshi tena, kongosho limechoka, aanze insulini. Amekataa katakata, kwake sindano maana yake safari imefika. Ndugu yangu aliye Nakuru anasema seli za insulini zimeshakufa, tungoje wataalamu wapandikize mpya. Zimekufa kweli? Na kama ni seli mbovu, mbona zilimtumikia vizuri mpaka utu uzima?

Mzee wa Darubini, Kisumu
Kijana, hilo la mwisho ndilo swali. Mimi ni mstaafu wa maabara, si daktari, kwa hiyo dozi usiniulize. Lakini kongosho nimelitazama kuliko nilivyotazama televisheni.

Ukikata kipande chembamba ukakitia rangi za kawaida, unaona seli za vimeng'enya vya chakula zimejaa, zimekolea zambarau, na katikati yake madoa yaliyopauka. Hayo madoa ndiyo visiwa vya Langerhans. Mtu ana takriban milioni moja, na vyote kwa pamoja ni kama asilimia 1 au 2 tu ya kongosho. Humo ndimo zinamoishi seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, zimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Chochote kinachopita katika damu ya mama kinazifikia, usiku na mchana.

Sasa damu hiyo ikae na sukari nyingi kwa miaka. Seli inalazimishwa kutoa insulini bila kupumzika, protini zinaanza kukunjwa vibaya, na mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zinazalisha kemikali kali za oksijeni ambazo seli ya beta ina vimeng'enya vichache mno vya kuzizima. Ini linavyo tele; seli ya beta inavyo kidogo. Ongeza mafuta yaliyozidi kwenye damu, hali inaharibika zaidi.

Halafu kuna amiloidi, na hapa nivumilieni, ndipo ninapopapenda. Seli ya beta ikitoa insulini hutoa pia protini nyingine ndogo, amilini. Kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili hiyo amilini huganda nje ya seli, katikati ya kisiwa, na ugando huo ndio amiloidi. Ukiipaka rangi nyekundu ya Kongo kisha ukaitazama kwa mwanga uliochujwa, inang'aa kijani kama tofaa bichi. Eugene Opie aliona mabadiliko hayo visiwani huko Baltimore tangu 1901, lakini protini yenyewe haikutambuliwa mpaka 1987. Paka naye hupata, panya hapati, amilini yake haigandi. Seli za kinga zinakuja kusafisha, zinashindwa kuimeza, zinabaki zikimwaga kemikali za uvimbe juu ya seli za beta zilizosalia.

Kwa hiyo, zimekufa? Baadhi, ndiyo. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walifuatilia seli za beta za panya wenye kisukari wakakuta nyingi ziko hai, ila zimeacha kazi na kurudi hali ya uchanga. Ni kama fundi cherehani aliyeingia bodaboda: yupo mjini, lakini nguo hatoi.

Ndiyo maana mazingira yakibadilika mapema, baadhi hurudi. Katika utafiti wa DiRECT kule Uingereza, uliotolewa 2017, watu walipunguzwa uzito kwa lishe kali, na asilimia 46 walifikisha mwaka mmoja bila dawa na bila sukari ya kiwango cha ugonjwa. Lakini hao walikuwa hawajapita miaka 6 tangu kugunduliwa. Mama amepita mbali, usimwahidi hilo.

Na umwambie ndugu yako: seli mpya ukizitia katika damu ileile, nazo zitaoga sukari ileile. Juu yake kuna dawa za kuzuia mwili usizikatae, za maisha.

Muuguzi wa Nakuru
Asante mzee. Kaka, mwambie mama sindano inazipunguzia mzigo seli zilizobaki, si adhabu. Ila muulize daktari kuhusu glibenklamidi akianza insulini, maana zote mbili zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na kwa mtu wa umri wake ni hatari. Ahero ni joto: kama hamna friji, chupa iwekwe ndani ya chungu kimoja kilichotiwa ndani ya kingine, katikati mchanga wenye unyevu, kivulini. Na asichome mahali pamoja kila siku, ngozi inafanya uvimbe na dawa hainyonywi vizuri.

Jirani wa Kondele
Kuna jamaa stendi anauza unga wa "kufufua kongosho", mia tano kopo. Vipi huo?

Mzee wa Darubini, Kisumu
Mwambie akuonyeshe kisiwa kimoja alichofufua, nitaleta darubini mwenyewe.

Kijana wa Ahero
Nimemsomea mama hii ya muuguzi kwa Kijaluo. Ameuliza tu sindano yenyewe ni ndefu kiasi gani.

Muuguzi wa Nakuru
Milimita 4 hadi 6 kwa kalamu ya insulini. Mpeleke kliniki aishike mkononi kwanza.