Naomba ushauri: soksi za vidole kwa mbio na kupanda Rungwe

Lami_na_Mlima (Uyole)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaozijua soksi za vidole, zile ambazo kila kidole kina chumba chake.

Matumizi ni mawili. Kwanza ni mbio za lami huku Mbeya, Uyole, Igawilo na kupanda kuelekea Isyonje, kilomita 15 hadi 21 mwishoni mwa wiki. Pili ni milima: Loleza, na sasa natafuta kupanda Rungwe. Malengelenge yananitoka sehemu tatu: katikati ya kidole cha nne na kile cha mwisho, kwenye ncha ya kidole cha pili, na nyuma ya kisigino cha kulia. Raba ni saizi 42, na soksi ni hizi za pamba za kununua kwa pakiti.

Je, soksi za vidole zitamaliza yote haya? Inabidi nibadilishe na kiatu? Nichukue nene au nyembamba?

Fundi_Soli (Mwanjelwa)
Mkuu, umefanya vizuri kutaja mahali, maana hapo ndipo jibu lilipo. Malengelenge yako matatu yana sababu tatu tofauti, na soksi ya vidole inatibu moja tu kwa uhakika.

La katikati ya vidole: hapo ngozi inasuguana na ngozi, tena ikiwa imelowa jasho. Kidole cha mwisho kwa watu wengi kimejikunja kuelekea cha nne, na kiatu chembamba kinakibana zaidi. Soksi ya vidole inaweka kitambaa katikati, jasho linanyonywa, msuguano unahamia kwenye kitambaa. Hili litaondoka, mradi kiatu kina nafasi.

La ncha ya kidole cha pili: pima kwanza. Simama umebeba uzito wote kwenye mguu huo, angalia kama kidole cha pili kimepita kidole gumba. Kama kimepita, saizi uliyopima kwa gumba ni ndogo kwako, na kila unaposhuka kidole kinagonga mbele. Soksi yoyote haitasaidia hapo. Kucha nyeusi nazo zinatokana na hilo hilo.

La kisigino: kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Hilo ni la kamba, nitalieleza chini.

Sasa kiatu, na hapa ndipo wengi wanazilaumu soksi bure. Vidole vitano vina nafasi nne katikati. Soksi ya vidole inaingiza tabaka mbili za kitambaa kwenye kila nafasi, jumla tabaka nane. Kitambaa cha nusu milimita tu kinakuongezea milimita 4 za upana sehemu ya mbele. Kama raba yako tayari inabana pembeni, utakuwa umeongeza tatizo, na utaona ganzi kwenye vidole kabla hujamaliza kilomita tano. Toa soli ya ndani ya raba, iweke sakafuni, kanyaga juu yake ukiwa umevaa soksi mpya. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli, kiatu ni chembamba. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Fanya kipimo hiki jioni, wakati mguu umevimba kwa kutembea kutwa.

Mwana_Tukuyu
Mnajisumbua. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, vaa soksi yoyote, kimbia.

Fundi_Soli (Mwanjelwa)
@Mwana_Tukuyu kwa kilomita 10 sikatai. Lakini mafuta yananyonywa na soksi na kufutika kadiri unavyokwenda, na ukiwa mlimani kwa muda wa saa saba au nane utalazimika kuvua viatu na kupaka tena. Na juu ya soksi ya pamba iliyolowa hayafui dafu: pamba ikishika maji haiyaachii, ngozi inalainika kama ya mtu aliyefua nguo kutwa, na ngozi laini ndiyo inayochanika.

Kamba nilizoahidi: angalia raba yako, juu kabisa kuna tundu la ziada ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo kutoka nje kwenda ndani upande ule ule, bila kuvuka, ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa vusha kila ncha, ipite ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, kisha funga kawaida. Kisigino kinakaa, na wakati wa kushuka mguu hausogei mbele kugonga ncha. Kwa hiyo kamba hiyo inasaidia kisigino na kidole chako cha pili kwa pamoja.

Dada_wa_Makete
Mimi niongezee upande wa baridi na mvua, maana Uyole na uwanda wa juu wa Kitulo si sawa.

Vidole vikitenganishwa vinapata baridi zaidi kuliko vikikaa pamoja, kwa sababu havipashani joto. Kwa Kitulo mwezi Juni na Julai, kwenye zaidi ya mita 2,600 na asubuhi kuna barafu kwenye majani, usitegemee soksi nyembamba ya vidole peke yake. Ivae kama ya ndani, juu yake vaa soksi ya kawaida ya sufu ya unene wa kati. Msuguano unatokea kati ya soksi na soksi, ngozi inasalimika. Ila hapo buti lazima liwe limepimwa na soksi zote mbili tangu dukani. Ukiziongeza kwenye buti la zamani, damu haizunguki vizuri na mguu unakuwa wa baridi kuliko ulivyoanza.

Kwa mbio za lami vaa nyembamba moja, basi.

Malighafi: tafuta nailoni au polista iwe kubwa, pamoja na asilimia chache za lastiki. Sufu ya merino iliyochanganywa na nailoni ni nzuri zaidi kwa mlima, inatoa joto hata ikiwa na unyevu na haitoi harufu haraka. Sufu tupu bila nailoni kwenye vidole inatoboka upesi. Kama lebo inasema pamba ndiyo nyingi, rudisha, hata kama ina vyumba kumi.

Lami_na_Mlima (Uyole)
Shukrani sana wakuu. Nimepima, kidole cha pili kweli kimepita gumba. Na pembeni mguu umetoka kidogo nje ya soli.

Zipo soksi za vidole mjini, za aina mbili. Moja haina jina wala lebo, nyingine ni ya mtumba ambayo muuzaji anasema ni Injinji. Nazikaguaje kabla ya kutoa hela?

Fundi_Soli (Mwanjelwa)
Basi kiatu kwanza. Panda hadi 43, na uchague chenye mbele pana ya mviringo, si iliyochongoka. Saizi kubwa bila upana haikusaidii kitu.

Injinji ni kampuni ya Marekani, ndiyo inayojulikana zaidi kwa soksi hizi upande wa mbio. Ya mtumba mimi ningeiacha hata kama ni halisi. Soksi ya vidole inaishi kwa lastiki. Lastiki ikichoka, kila chumba kinajizungusha na mkunjo unakaa chini ya kidole. Ivute kwa upana mdomoni na kwenye upinde wa unyayo, iachie: isiporudi mara moja, imeshakwisha. Na hujui aliyeivaa alikuwa na fangasi au la. Kuichemsha ili uue vimelea ni kuiua na lastiki.

Ile isiyo na lebo usiitupe kabla ya kuikagua. Igeuze ndani nje, pitisha kidole kwenye ncha ya kila chumba. Ukihisi mshono mnene kama uzi wa gunia, huo ndio utakaokaa juu ya kucha zako kilomita 21. Mshono unatakiwa uwe bapa au usionekane. Halafu tanua vyumba viwili viwili, angalia kwenye mwanga pale vinapoungana. Hapo ndipo zinapochanika kwanza. Ukiona uzi umeachana au nafasi zinapitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, acha.

Cha mwisho ni urefu wa vyumba, na ndicho watu wanachokisahau. Nyingi zimeandikwa kwa fungu, mfano 39 hadi 43, lakini vidole havifuati saizi ya kiatu. Kuna mtu wa 42 mwenye vidole vifupi. Ukivaa na mbele ya kidole kikabaki kitambaa kitupu cha sentimita nzima, kitajikunja ndani ya kiatu na kukutolea lengelenge jipya mahali ambapo hujawahi kuwa nalo. Kidole kiguse mwisho wa chumba bila kuvutwa.

Mkimbiaji_Iringa
Na kuzivaa kwenyewe kuna namna yake, tafadhali. Wengi wanavuta kwa nguvu kama soksi ya kawaida, kitambaa kinakwenda kukaba kwenye mzizi wa vidole, baada ya saa moja panawaka moto.

Kausha mguu kabisa. Kata kucha siku moja kabla, kwa mstari ulionyooka, pembe zisibaki kali, zinatoboa. Kunja soksi hadi ibaki sehemu ya vyumba tu. Ingiza vidole vyote kwa pamoja nusu, kisha anza kurekebisha kutoka kidole cha mwisho kwenda gumba, kwa sababu kile kidogo ndicho kinachokimbia. Vuta hadi kisigino, hakikisha mfuko wa kisigino umekaa kisigino. Halafu rudi mbele: bana ncha ya kila chumba na uivute milimita mbili tatu, ili katikati ya vidole palegee kidogo. Mara ya kwanza utaona kazi, ukizoea ni dakika moja.

Kidole kilichopanda juu ya mwenzake tangu kuzaliwa au kwa ajali ni habari nyingine. Jaribu dukani, maana soksi inaweza kukilazimisha kukaa kinapokataa.

Nesi_wa_Nyanda
Nawasalimu. Kabla ya kununua, mleta uzi angalia vizuri hapo katikati ya kidole cha nne na cha tano kwenye mwanga. Kama ngozi ni nyeupe, imelowa, inamenyeka na kuwasha, hilo si lengelenge la msuguano peke yake, kuna fangasi. Ni sehemu wanayopenda kuanzia. Dawa ya kupaka ya clotrimazole ipo maduka ya dawa, paka asubuhi na jioni kwenye ngozi kavu, na uendelee wiki mbili baada ya dalili kuisha. Wengi wanaacha siku muwasho unapokoma, unarudi. Soksi za vidole zitasaidia kuweka pakavu, lakini hazitibu, na ukizivaa leo na kesho bila kufua unajiambukiza upya.

Lengelenge dogo lisiloumiza usilitoboe. Likiwa kubwa na linazuia kutembea: nawa mikono, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, tumia sindano mpya isiyo na vimelea, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua taratibu, na ile ngozi ya juu usiibandue. Funika. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa au mstari mwekundu unapanda mguu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu soksi hizi kwa safari ndefu bila kuongea na daktari wake. Mshono ukimla hatausikia.

Dada_wa_Makete
Nesi amesema vizuri. Kuhusu kufua: geuza ndani nje, maji ya baridi au vuguvugu, sabuni ya kawaida. Jiki hapana, inakula lastiki. Dawa ya kulainisha nguo nayo hapana, inaziba nyuzi zisinyonye jasho. Suuza kila chumba, mchanga unajificha kwenye ncha.

Msimu wa mvua upande wa Tukuyu nguo hazikauki siku mbili, na hapo ndipo watu wanaanika soksi juu ya jiko la mkaa. Nailoni inayeyuka, sufu inasinyaa. Zikunje ndani ya taulo kavu, kanyaga taulo kwa nguvu, kisha anika kivulini penye upepo, vidole vikiangalia chini. Kwa Rungwe beba jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, badilisha kileleni kabla ya kushuka, maana kupanda utakuwa umelowa umande na jasho, na kushuka ndiko kunakoumiza vidole.

Lami_na_Mlima (Uyole)
Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Moja la mwisho: ile isiyo na lebo ina mshono unaohisika kidogo kwenye ncha, lakini kitambaa ni polista na lastiki nzima. Niiache?

Fundi_Soli (Mwanjelwa)
Ukikosa nyingine, inunue kwa mazoezi mafupi na uivae ndani nje, mshono uangalie kiatu. Ila kumbuka kubadilisha miguu: soksi ya vidole ya kushoto ukiigeuza inakuwa ya kulia. Usipobadilisha, chumba cha gumba kitaangukia kidole cha mwisho.

Mkimbiaji_Iringa
Na nunua jozi mbili za rangi moja. Chumba cha gumba ndicho kinachotoboka kwanza, mara nyingi upande mmoja, na ya kushoto haiwezi kuziba pengo la kulia isipokuwa kwa huo ujanja wa Fundi wa kuigeuza. Tundu usilishone kwa uzi, fundo lake litakukata. Kiatu kipya na soksi mpya usivianzishe siku moja kwenye Rungwe. Anza na kilomita tano za lami, vua, kagua vidole kimoja kimoja, penye wekundu ndipo penye tatizo.

Mwana_Tukuyu
Haya, nimeshindwa. Hiyo 43 yenye mbele pana inapatikana wapi Mwanjelwa?

Fundi_Soli (Mwanjelwa)
Njoo na soli yako ya ndani mkononi, upite nayo kwenye raba za mtumba asubuhi bado zinafunguliwa. Iweke chini ya kila kiatu, linganisha upana pale vidole vinapoanza. Usisome namba iliyoandikwa, 43 za kampuni mbili hazifanani.