Mizizi ya mwembe inainua pevingi: niikate, niizuie au ning'oe mti?

MamaChumbageni: Wakuu, nipo Tanga mjini. Mwembe aliopanda marehemu baba uko mita tatu kutoka ukutani. Pevingi imeinuka, chemba ya maji taka imejaa mizizi. Fundi mmoja anasema nikate mizizi, mwingine anataka mti wote uondoke, jirani anasema nimwage chumvi. Msimu wa kaskazi tunashinda chini ya kivuli hicho. Mnanishaurije?

FundiMakorora: Dada, chumvi achana nayo! Inaharibu udongo wote na kula nondo za zege. Kukata inawezekana, ila pima kwanza upana wa shina usawa wa kifua, uzidishe kwa tano. Ndani ya umbali huo usiguse mzizi mnene. Shina la sentimita 50 linahitaji mita mbili na nusu. Ukisogea zaidi unakata kinachoushikilia mti, na upepo wa kusi utaulaza juu ya bati. Halafu mzizi uliokatwa huchipua tena.

ShambaMuheza: Ndiyo maana mimi napendelea kizuizi. Chimba mtaro karibu na ukuta, sentimita 60 hadi 90, simamisha plastiki nene, ukingo ubaki juu ya ardhi kidogo ili mizizi isivuke. Mizizi mingi haishuki sana, inafuata hewa na unyevu wa juu. Ukikutana na jiwe la matumbawe, mtaro utakula fedha.

BabuBagamoyo: Huku Mji Mkongwe wa Bagamoyo shida yetu ni miti ya jamii ya mtini inayoota kwenye nyufa za kuta za mawe na chokaa, mbegu zinaletwa na ndege. Ing'oe ikiwa michanga. Ikishakomaa usiivute, itatoka na jiwe lake. Na wewe mwanangu, anza na chemba: mzizi hautoboi bomba zima, unaingilia kiungo kinachovuja.

MamaChumbageni: Shikamoo babu. Nimepima, shina ni sentimita 45. Basi nabadilisha bomba la zamani, kisha kizuizi upande wa ukuta. Pevingi je? Iko karibu mno na shina.

FundiMakorora: Hapo usikate kitu. Toa matofali, acha duara la udongo wazi kuzunguka shina. Panapobaki, tandika kokoto kubwa isiyo na vumbi. Mizizi haipendi nafasi zile kavu zenye hewa tupu. Juu yake weka kitambaa cha kuchuja, ndipo mchanga, la sivyo mchanga utazama kwenye kokoto na pevingi itabonyea.