Tupeane uzoefu: Ulijiwekea lengo la vitabu mwaka huu, na nyumbani kuna paka, mbwa na watoto. Umefikia wapi?

Karani wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Tarehe 1 Januari niliandika kwenye daftari langu: vitabu 24, viwili kila mwezi, hakuna kisingizio. Leo ni mwishoni mwa Agosti na nimemaliza 7. Nane nikihesabu Kusadikika, ambacho nilikisoma nikiwa shule nikakirudia, sijui kama hicho kinaingia kwenye hesabu.

Muda ninao. Watoto wanalala saa tatu, mama watoto anamalizia tamthilia yake, mimi nakaa kwenye kochi la pembeni chini ya taa. Nikifungua tu kitabu, paka wetu Pilau anaibuka alikokuwa, hata kama alikuwa juu ya kabati la jikoni. Haji miguuni kama paka wa watu. Analala katikati ya kitabu, pale kurasa mbili zinapokutana, kidevu anakiweka kwenye mstari uleule ninaousoma, anaanza kukoroma. Nikimsogeza anarudi. Nikikiinua kitabu anapanda kifuani. Jana kwenye Rosa Mistika nimesoma ukurasa wa kushoto tu, wa kulia ulikuwa chini ya tumbo lake. Mke wangu ananiuliza: "Baba Asha, hicho kitabu ulinunua usome, au ulimnunulia Pilau godoro?"

Wenye wanyama ndani, mnasomaje?

Mama Wawili:
Nakazia. Mimi vitatu tangu mwaka uanze, na kimoja ni cha mwanangu wa darasa la pili, chenye picha.

Mchumia Juani:
Kusoma nyumbani ni kujidanganya mkuu. Maktaba yangu ni mwendokasi. Kimara mpaka Kivukoni nimesimama, mkono mmoja bomba, mwingine kitabu. Kuli nimeimaliza kwa wiki mbili. Shida ni kugeuza ukurasa, inabidi nitumie kidevu, na abiria wananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Kibuyu Kitupu:
Mimi ninaushukuru mgao wa maji. Kwetu yanatoka saa saba usiku, lazima mtu akeshe ajaze simtanki na madumu, na huyo mtu ni mimi. Nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tochi ya simu begani, nasoma. Niko cha 11. Usiku mmoja nilinogewa, dumu likajaa, maji yakamwagika yakaingia bandani, kuku wakapiga kelele mtaa mzima ukaamka ukidhani kuna mwizi. Vijana wa ulinzi shirikishi wakaja na marungu, wakanikuta na bukta na kitabu mkononi. Mpaka leo wananiita Profesa.

Ticha Mstaafu:
24 kwa mwaka ndiyo mnalia? Sisi tulisoma kwa koroboi, moshi puani, asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi. Hiyo Rosa Mistika ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, tukaisoma kwa kificho chini ya shuka bwenini. Hakuna paka aliyethubutu kuilalia. Kizazi hiki kinatawaliwa na paka.

Sikio Sikivu:
Mimi nipo cha 19. Navisikiliza kwenye simu huku namwogesha mbwa, napika, nafua. Mikono inafanya kazi, masikio yanasoma.

Ticha Mstaafu:
Kusikiliza si kusoma. Futa hizo 19, anza na sifuri.

Sikio Sikivu:
Mzee, shikamoo, lakini hapo umekosea. Kitabu ni kilekile, maneno ni yaleyale.

Ticha Mstaafu:
Marahaba. Na bibi yako alipokusimulia habari za sungura na fisi, ulimwambia umesoma kitabu?

Mjukuu wa Lamu:
Ticha, taratibu. Huku kwetu utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka 1858, wengi wetu tumeupata kwa sikio kwa nyanya zetu, wao hata kuandika majina yao hawakujua. Ukawaambie wao kwamba hawaujui. Na hilo la paka, huku Lamu hatufugi paka, tunaishi kwao. Mimi husomea barazani. Akija mmoja kukaa juu ya kitabu, nampa gazeti la jana nalifungua pembeni. Paka hapendi kitabu, apenda kile unachokitazama. Jifanye walitazama gazeti.

Karani wa Mbagala:
@Mjukuu wa Lamu hii naijaribu leoleo.

Mama Wawili:
Basi na mimi nitoe langu. Mwanangu alipewa sungura na mjomba wake, tukamweka kwenye boksi pembeni ya kitanda changu kwa sababu nje kuna kicheche. Nikawa nasoma Mzimu wa Watu wa Kale, nikinogewa na Bwana Msa na kiko chake, zimebaki kama kurasa kumi. Usingizi ukanichukua, kitabu kikateleza kikaangukia kwenye boksi. Asubuhi nimekuta sungura kakaa katikati ya vipande kama amefanyiwa sherehe. Kurasa za mwisho ZOTE zimeliwa. Mpaka leo sijui nani alimuua Bwana Ali.

Mchumia Juani:
Ni yule...

Mama Wawili:
UKITHUBUTU.

Shemeji wa Goba:
Wakuu, nilikuwa nasoma kimyakimya, lakini huyo sungura amenitonesha. Ngoja niseme, labda nitapata usingizi.

Lengo langu ni vitabu 15. Cha tisa ni Vuta N'kuvute, nilichoazimwa na baba mkwe. Mzee wangu huyu ni mtu wa vitabu, ana kabati lenye kioo na ufunguo anautembeza mfukoni. Kukuazima kitabu ni kama kukupa binti mara ya pili. Ndani ya kitabu kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Sikuikunjua. Nikawa naitumia kuwekea alama nilipoishia.

Nyumbani tuna mbwa mdogo, Jeki, wa miezi mitano. Jumamosi mke wangu kaenda kitchen party, mimi niko kibarazani na kitabu, Yasmini na Denge wamenishika, Jeki kalala miguuni mtulivu kama malaika. Boza la maji likapiga honi getini. Nikakiweka kitabu kwenye kiti, nikaenda kumwonyesha dereva tangi lilipo. Dakika nne, zikizidi sana ni tano.

Narudi, kiti kitupu. Jeki yuko chini ya gari, mkia unapiga sakafu. Nikaingia chini ya gari na shati jeupe. Jalada halipo. Kurasa za mwanzo zimelowa mate. Nikajisemea basi, kitabu kinanunulika, Posta kwa wauza vitabu vya mtumba sitakikosa. Halafu nikaona amekanyaga nusu karatasi, nusu nyingine haipo. Nikasoma iliyobaki: "...mbele ya mashahidi wafuatao..." saini, jina la muuzaji, nusu ya muhuri wa serikali ya mtaa.

Ukubwa wa kiwanja, mipaka, bei, vyote viko tumboni kwa Jeki.

Bado nimepiga magoti pale chini, simu ikaita. Baba mkwe. "Mwanangu, hamjambo? Kile kitabu usikiharakishe, kisome taratibu. Ila kuna karatasi yangu ya kiwanja nimeichomeka humo, uniangalizie isije ikadondoka."

Wakuu, nilijibu: "Haijadondoka, baba."

Mzee anakuja keshokutwa. Mke wangu hajui.

Kibuyu Kitupu:
Haijadondoka, baba!!! Nimecheka mpaka kuku wameamka tena.

Mchumia Juani:
Umecheki kinyesi?

Shemeji wa Goba:
Nimecheki. Usiniulize zaidi.

Sikio Sikivu:
Pole sana kaka. Nenda serikali ya mtaa, kawaida mkataba unakuwa na nakala, mmoja kwa muuzaji, mmoja kwa mnunuzi, mmoja unabaki ofisini.

Dalali Mstaafu:
Kawaida ya wapi? Ofisi nyingine faili ni boksi la biskuti. Watafute mashahidi wakiwa bado hai, muuzaji akiwa hajabadilika roho, muandike upya kwa wakili. Na muuzaji asijue kwamba karatasi imeliwa, bei ya viwanja imepanda. Halafu nikuulize, huo muhuri ni wa rangi gani?

Mchumia Juani:
Polisi kwanza, upate ripoti ya upotevu, halafu ule kiapo.

Kibuyu Kitupu:
Ripoti ya upotevu ni ya kitu kilichopotea. Chake kimeliwa na kinajulikana kilipo. Polisi wakiuliza mara ya mwisho kilionekana wapi utasema mdomoni?

Mtoto wa Dini:
Ndiyo maana sisi mbwa hatumuweki ndani. Mbwa ni wa nje, wa kulinda. Paka ana heshima yake.

Sikio Sikivu:
Mbwa alikuwa kibarazani, siyo ndani. Soma vizuri.

Mtoto wa Dini:
Wewe ndiye husomi, unasikiliza.

Ticha Mstaafu:
Hapo nakuunga mkono kijana.

Karani wa Mbagala:
Wakuu, uzi ni wa vitabu.

Bwana Mifugo:
Mnamlaumu mbwa bure. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni. Kuanzia kama miezi mitatu na nusu yanaanza kung'oka, mpaka ya ukubwani 42 yatimie anakuwa na miezi sita au saba. Katika kipindi hicho fizi zinamuwasha, atatafuna kiatu, mguu wa meza, waya, mkataba, vyote kwake ni sawa. Chukua kitambaa kisafi, lowesha, kunja, weka friza kigande, mpe hicho. Na sungura wa yule mama, meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, lazima atafune. Mpe majani makavu ya kutosha na kijiti. Aliyelala na kitabu juu ya boksi la sungura asitafute mchawi.

Mama Wawili:
Daktari umenigusa lakini sawa.

Mpwa wa Muscat:
Mimi niko Oman, vitabu vya Kiswahili nasubiri mtu atoke Unguja na sanduku. Nililetewa Peponi ya Gurnah, ile tafsiri ya 2022. Kasuku wa mama mkwe akaling'oa jalada kipande kwa kipande huku akisema "hodi, hodi". Sikusema neno. Kasuku yule ana miaka mingi ndani ya nyumba ile kuliko mimi.

Mchumia Juani:
@Shemeji wa Goba chukua gundi na karatasi nyeupe, jazia hiyo nusu kwa mkono. Mzee hasomi bila miwani.

Dalali Mstaafu:
Usimsikilize huyo, hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta wakili wa jinai. Mwambie mzee ukweli, tena wa kwanza kuongea uwe wewe, kabla mbwa hajamletea mwenyewe kilichobaki. Na sijajibiwa, muhuri ni wa rangi gani?

Mama Wawili:
Mwambie mkeo kwanza. Wewe na baba yake hamuwezi kukaa chumba kimoja na siri hiyo yeye akiwa hajui. Mpikie mzee anachopenda, ale, ndipo useme.

Ticha Mstaafu:
Aseme kabla ya chakula. Mzee akishashiba halafu akasikia hivyo, kitampanda.

Karani wa Mbagala:
Mrejesho wa gazeti: imekubali kwa dakika kumi. Nililifungua pembeni, nikajifanya nalisoma kwa bidii, Pilau akalala juu yake. Nikasoma kurasa sita. Halafu akagundua. Hata hivyo kurasa sita ni nyingi kwangu, asante Lamu.

Shemeji wa Goba:
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Mzee alikuja jana. Mke wangu nilimwambia usiku wa kuamkia jana, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, "Utamwambia mwenyewe." Nikaweka ile nusu kwenye bahasha ya nailoni. Kabla ya chakula, nimemsikiliza Ticha. Nikapiga goti, nikaeleza yote, boza, dakika nne, chini ya gari.

Mzee akavaa miwani. Akaitoa karatasi kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Jeki naye kaja kakaa miguuni kwake, anatingisha mkia. Mzee akasema, "Mwanangu, huu muhuri ni mweusi. Hii ni kopi. Muhuri halisi ni wa bluu."

Dalali Mstaafu:
NILIULIZA MARA MBILI.

Kibuyu Kitupu:
Sasa halisi iko wapi?

Shemeji wa Goba:
Hapo ndipo ninapoandika huku natetemeka. Mzee akafikiri, akasema halisi aliichomeka kwenye Kuli. Akaenda kukumbuka Kuli iko wapi, akajibu mwenyewe: alimwazima shemeji yangu wa Bagamoyo mwezi wa nne. Tukampigia, hapokei.

Bwana Mifugo:
Shemeji anafuga nini?

Shemeji wa Goba:
Mbuzi.

Bwana Mifugo:
Wangapi?