Dada karudishwa uwanja wa ndege Ulaya na viza yake ilikuwa haijaisha, hii imekaaje wakuu?

Kijana_wa_Ilala

Wakuu habarini za muda huu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na viza za Ulaya, hasa hii ya Schengen, yani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maana nyumbani hatuelewani kila mtu ana lake.

Iko hivi. Dada yangu ana duka Kariakoo, nguo za watoto, na kaka yetu mkubwa anaishi Ulaya na familia yake, nchi naihifadhi. Mwaka jana kaka alimtumia mwaliko, dada akaomba viza ya kutembea akapata bila shida. Kwenye stika imeandikwa kuanzia 10 Juni hadi 24 Julai 2025. Akaenda tarehe 12, akapokelewa vizuri, akakaa zake kwa kaka. Sasa akiwa kule akawaza kwa nini asiruke Istanbul mara moja akaangalie mzigo, maana kutokea pale ni karibu na tiketi ni nafuu kuliko kutokea Dar, akaomba viza ya mtandaoni ya Uturuki kwa kuegemea hiyo hiyo ya Schengen, akapata. Tarehe 28 akaondoka na kibegi cha mkononi tu, sanduku kubwa na zawadi zote za watoto kaziacha kwa kaka.

Tarehe 2 Julai anarudi, anafika dirishani, askari anafungua pasipoti, anaangalia stika, anapekua mihuri ukurasa kwa ukurasa, anapiga simu, dada anaambiwa akae pembeni. Akawekwa kwenye chumba masaa na masaa. Mwisho akaletewa karatasi asaini, akaambiwa viza yako imekwisha. Yeye anawaonyesha tarehe, 24 Julai, leo ni tarehe 2, wao wanamgusishia mstari mwingine kwa kidole na Kiingereza chenyewe hawasikilizani vizuri. Usiku karudishwa Istanbul na shirika lile lile lililomleta, pasipoti imefungwa kwenye bahasha kakabidhiwa mhudumu wa ndege, mwenyewe haruhusiwi kuishika. Istanbul nako hawakumruhusu kutoka nje maana viza ya Uturuki ilikuwa ya kuingia mara moja na alishaitumia, kalala kwenye viti mpaka kaka alipomkatia tiketi ya Dar. Mtu mzima, mama wa watu, anapitishwa katikati ya abiria na askari wawili kama kaiba kitu. Kiukweli iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Sasa maswali. Viza ilikuwa bado na wiki tatu mbele, hao watu walikuwa na haki? Na kama haikuwa na uhai, kule Istanbul walimpandisha ndege kwa nini? La mwisho ndo kubwa, binti wa kaka anapata kipaimara mwaka huu na anamtaka shangazi yake awepo, je dada aombe tena au ndo keshachafuka? Mama anasema asithubutu kuomba, wamempiga marufuku.

Mtu_wa_Bandari

Pole sana mkuu, na mpe pole dada. Kabla ya yote nenda kaichukue hiyo pasipoti uangalie stika, usiangalie tarehe, angalia sehemu ya idadi ya kuingia. Nina uhakika kwa asilimia kubwa utakuta 01.

Watu wengi sana wanasoma tarehe wanaishia hapo. Ile stika ina mambo matatu tofauti na yote yanafanya kazi kwa pamoja. Kuna tarehe ya kuanzia na ya mwisho, hizo ni kama dirisha, ndani ya hizo tarehe ndo unaruhusiwa kutumia viza. Kuna idadi ya siku za kukaa. Halafu kuna mara ngapi unaruhusiwa kuingia, inaandikwa 01, 02 au MULT. Ukiwa na 01, siku unayogongwa muhuri wa kutoka eneo la Schengen viza imekufa, hata kama una siku kumi za kukaa ambazo hujazigusa na tarehe ya mwisho ipo mwezi ujao. Dada yako siku ile anapanda ndege ya Istanbul ndo alifunga safari yake bila kujua, na bahati mbaya askari wa kutoka yeye anakugongea tu, hakuulizi utarudi au hurudi.

Na nakuhakikishia angalia na siku za kukaa, utakuta 30. Juni 10 mpaka Julai 24 ni siku 45. Hizo 15 za juu zipo kwenye sheria yao ya viza, ile ya mwaka 2009, viza ya kuingia mara moja huwa wanaiongezea siku 15 ili ndege ikighairishwa au ukichelewa kuanza safari usipate shida. Sio siku za kukaa. Kuna watu wamejikuta wamezidisha muda kwa sababu hiyo hiyo, anaona stika inaishia tarehe 24 anakaa mpaka 24 kumbe siku zake 30 ziliisha zamani.

Mzee_Kigoma

Mi naona walimwonea. Mimi nimeingia Ufaransa nikaenda Uswisi nikarudi Ufaransa nikapita Ubelgiji, hakuna aliyeniuliza chochote na viza yangu ilikuwa ya kawaida tu. Hawa watu wakiona pasipoti ya Afrika ndo wanajifanya wanajua sheria.

Mtu_wa_Bandari

Mzee wangu shikamoo. Safari yako haikuwa na tatizo kwa sababu hukutoka. Uswisi haipo Umoja wa Ulaya lakini ipo Schengen, sawa na Norway, Iceland na Liechtenstein. Ukitoka Ufaransa kwenda Uswisi kwa viza hujatoka popote, hakuna muhuri. Kinachochanganya ni kinyume chake, Ireland na Cyprus ni Umoja wa Ulaya lakini Schengen hazimo, Uingereza ndo kabisa ina viza yake. Na ramani yenyewe inabadilika, Croatia imeingia Januari 2023, Romania na Bulgaria zilianza na viwanja vya ndege na bandari Machi 2024 mipaka ya barabara ikafuata Januari 2025, sasa hivi ni nchi 29. Mtu aliyesafiri zamani akikupa ushauri wa hizo nchi muulize alienda lini.

Ila kuhusu kunyanyaswa sikupingi, mtu anaweza kuwa na sheria mkononi na bado akakutendea kama mtu. Kumweleza mama wa watu kwa lugha anayoielewa wala hakuhitaji masaa yote hayo.

Wakala_wa_Tiketi

Nafanya kazi ya kukata tiketi na kusaidia watu kujaza fomu za viza miaka mingi, acha nijibu haya mawili yaliyobaki maana kuna hofu hapa ambayo sio ya lazima.

Shirika la ndege kwanza. Mhudumu wa kaunta kazi yake ni kuhakikisha nyaraka, na wakipeleka mtu asiye na viza halali wanapigwa faini ya maelfu ya yuro na juu yake wanatakiwa wamrudishe wenyewe, ndo maana dada alirudishwa na lile lile shirika. Kwa hiyo hawakumpandisha makusudi. Foleni ndefu, mhudumu kaangalia tarehe kaona Julai 24 kapitisha. Kapotezwa na tarehe kama alivyopotezwa abiria, tofauti ni kwamba aliyelala kwenye viti ni abiria.

Sasa hili la marufuku. Kukataliwa kuingia na kupigwa marufuku ni vitu viwili mbali kabisa, mwambie mama atulie. Ile karatasi aliyosaini ni fomu moja inayotumika nchi zote za Schengen, ina visanduku vya sababu, kila kimoja na herufi yake. C ni kutokuwa na viza halali. F ni mtu aliyekwisha kaa siku 90 ndani ya 180. B na D ndo mbaya, hizo ni za nyaraka za kughushi. H ni mtu ambaye jina lake limewekwa kwenye mfumo wao wa kuzuia watu wasiingie. Kama marufuku ipo ungeona H. Na kwenye pasipoti tafuta muhuri wa kuingia wa tarehe 2 Julai uliopigwa msalaba kwa wino mweusi, pembeni kulia kuna herufi imeandikwa kwa mkono, itakuwa ile ile ya kwenye fomu. Nimeuona huo msalaba kwenye pasipoti za wateja, unatisha ukiuona mara ya kwanza lakini kinachosema jambo ni ile herufi.

Tuwekee hapa herufi gani tukushauri.

Guide_Namanga

Kwa upande wetu huku naona kitu hicho hicho kwa wageni. Kuna ile viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, siku 90, mgeni anaiona jina tu "Afrika Mashariki" anajua ni pamoja na Serengeti. Ile ni Kenya, Uganda na Rwanda basi, Tanzania hatumo. Anafika Namanga na familia nzima, watoto wamechoka na vumbi, anaambiwa aanze upya kulipia viza ya Tanzania kwa kila mtu. Wengine wanadhani tunawaibia. Kampuni zinazowauzia safari zingewaambia mapema wangekuja wamejipanga, na aibu ya kubishana na mgeni mpakani ingetupungukia.

Kijana_wa_Ilala

Asanteni sana aisee, mmenifungua macho. Nimeenda kwa dada jioni hii tukatoa pasipoti kwenye kabati. Idadi ya kuingia 01. Siku za kukaa 30. Muhuri upo kama mlivyosema, umekatwa msalaba, na pembeni C. Karatasi nayo anayo, kaitunza kwenye bahasha ya kaki na stika za mizigo na risiti zote, ila hajawahi kumwonyesha mtu kwa aibu. Nilivyomsomea maelezo yenu akaniambia nirudie ile ya H. Nikamrudia.

Kwa hiyo rufaa ipo? Na kwenye fomu mpya aandike au anyamaze?

Wakala_wa_Tiketi

Rufaa ipo kwenye sheria yao na kwenye ile karatasi waliandika ipelekwe wapi, ila haizuii kurudishwa siku ile, na muda wa kuipeleka kila nchi ina wake, sasa hivi mshapita mbali. Isitoshe angekata kwa hoja gani, 01 imeandikwa. Nguvu zenu wekeni kwenye ombi jipya.

Asinyamaze. Alama zake za vidole na viza ya mwanzo vipo kwenye mfumo wao wa viza, vinatunzwa miaka mitano, na msalaba upo kwenye pasipoti mtu yeyote anauona. Aandike barua ya ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, kwamba aliingia 12 Juni, akatoka 28 Juni kabla siku zake hazijaisha, akarudi akiamini tarehe ya mwisho ndo inayohesabika, akakataliwa kwa sababu C, karejea nyumbani. Aambatanishe nakala ya ile fomu na tiketi ya kurudi Dar. Hakuzidisha hata siku moja, na hilo ndo afisa wa viza analitafuta kuliko vyote. Leseni ya biashara, taarifa ya benki, karatasi ya TRA ya duka, hivyo vyote vinasema ana pa kurudi. Siku akiomba Uingereza au Kanada, kule fomu inauliza wazi kama umewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote, ajibu ndiyo na aeleze vile vile.

Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, msisubiri mwisho. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu.

Na kwenye fomu ya maombi kuna sehemu unachagua mwenyewe, kuingia mara moja, mara mbili au nyingi. Watu wengi wanaojaziwa fomu wanawekewa moja bila kuulizwa mpango wao wa safari. Kama anataka kwenda Istanbul katikati na kurudi, achague mbili na aweke na ratiba inayoonyesha hivyo. Wakimpa 01 bado, basi asitoke.

Mtu_wa_Bandari

Naongezea, tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kielektroniki mpakani, badala ya muhuri wanachukua picha ya uso na alama za vidole, kutoka na kuingia kunaandikwa kwenye kompyuta. Huko hakuna tena askari wa kutafuta mihuri, ukitoka na 01 mashine inajua hapo hapo.

Kijana_wa_Ilala

Na kama akiweka Istanbul mwisho? Yani amalize kipaimara, achukue na sanduku lake lililobaki kwa kaka, apitie Istanbul siku tatu nne kisha Dar moja kwa moja.

Wakala_wa_Tiketi

Hiyo ndo nzuri kuliko zote, kwa 01 inatosha maana harudi nyuma. Kitu kimoja tu, kama viza ya Uturuki ataiomba tena kwa kuegemea Schengen, ile Schengen iwe bado ndani ya tarehe siku anayoingia Uturuki. Kwa hiyo tiketi ya Istanbul aikate kabla ya ile tarehe ya mwisho kwenye stika, asiisogeze.